Nilivyoafiki Bati Letu Liondoke

Nilikuwa nimembeba mtoto wa watu ukuta ulipoanza kuja. Mtoto alikuwa wa kike, wa miezi minane, ametoka kupimwa uzito. Muuguzi alikuwa anaandika kwenye kadi, mama yake alikuwa anatafuta kitenge cha kumfungia mgongoni. Ukuta wa tofali hauanguki kama mnavyodhani. Kwanza unatoa vumbi kidogo, kama mtu anayekung'uta nguo. Halafu unainama. Mama Zuhura aliona kabla yangu. Alikuwa upande wa dirisha, anawapanga akina mama kwenye kivuli, maana yeye popote alipokuwa alipanga watu. Alimsukuma wa kwanza, akamsukuma wa pili, akarudi kumchukua wa tatu. Mimi nilipiga hatua mbili. Ya tatu ukuta uliniwahi.

Yule mtoto niliyembeba hakupata hata mkwaruzo. Siku hizi anatembea, na akiniona na gongo langu anakimbia. Simlaumu.

Walitupakia wawili nyuma ya pikapu ya mnunuzi wa vitunguu, mimi na mguu wangu, Mama Zuhura na kifua chake. Alikata roho kabla hatujafika lami. Kwenda hospitali kutoka kwetu ni mbali, ndiyo maana tulitaka zahanati. Na zahanati ilikuwa palepale kijijini. Ilikuwa imemlalia.

Nimeanza na hilo kwa sababu najua ninyi vijana hamsomi mpaka mwisho. Anayeishia hapa amepata la maana. Kwa anayeendelea, mimi naitwa Petro Gunda, nilikuwa diwani wa Kata ya Kinyalago vipindi viwili. Kinyalago ukitafuta, ni kule ndani, ukiacha barabara kuu ya Misigiri na Shelui unakula vumbi mpaka unajiuliza kama umekosea njia. Hujakosea. Nina darasa la saba. Sheria inataka diwani ajue kusoma na kuandika, na mimi najua vyote viwili. Shida ni kwamba siku iliyotakiwa nisome, sikusoma.

Kila baada ya siku chache anakuja kijana hapa kwangu. Ana simu kubwa, ananiamkia shikamoo kwa adabu, anakaa, anasema mzee nataka udiwani, nipe mbinu. Nina miaka hamsini na sita, si mzee kivile, ila gongo linaongeza umri. Nimechoka kurudia. Nimeandika, msome wote, mkimaliza msinirudie.

Mbinu ya kwanza ni msiba. Diwani hachaguliwi kwenye kampeni, anachaguliwa msibani, tena miaka kadhaa kabla. Fika mapema, shika jembe mwenyewe, nenda makaburini bila kuombwa. Ukikaa na wazee kwenye viti watakuheshimu. Ukichimba watakupigia kura. Iwe msiba wa Waislamu au wa Wakristo, udongo ni uleule. Na ukipewa nafasi ya kusema, usimsifu marehemu kwa jambo usilolijua. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama nikasema marehemu alikuwa mkulima hodari na jirani mwema. Watu wakaanza kukohoa, upande mmoja, halafu mwingine. Kumbe ng'ombe wa marehemu walikuwa wamemaliza mtama wa kitongoji kizima, na kesi ilikuwa bado iko kwa mtendaji. Nilikaa chini nikaendelea kutazama viatu vyangu mpaka jeneza likatoka.

Mbinu ya pili ni chakula. Ukipita kwenye kaya ukakuta chungu kiko mekoni, kaa ule. Usiseme umeshiba, hiyo ni dharau, na itafika kitongoji cha pili kabla yako. Siku moja nilikula ugali na mlenda nyumba nne kabla ya adhuhuri. Nyumba ya tano walikuwa wamenichinjia kuku. Nilikula. Nikarudi nyumbani naendesha pikipiki nimesimama.

Mbinu ya tatu nilifundishwa na Mzee Nkungu, na ndiyo iliyoua mtu.

Mzee Nkungu alikuwa diwani wa kata nyingine tangu mimi nachunga mbuzi. Kwenye baraza la madiwani alikaa kiti cha pembeni yangu. Siku yangu ya kwanza nilikwenda na joho, lile vazi refu la diwani, ambalo nilikuwa nimeliazima kwa mtu mrefu. Nilimpa fundi cherehani wa Shelui alipunguze, akalipunguza kwa moyo wote. Lilinifika magotini. Nilipoingia ukumbini Mwenyekiti wa Halmashauri akaniuliza, mbele ya watu wote, naimba sauti ya ngapi. Walicheka sana. Huyo Mwenyekiti jina lake ni Elia Msengi, diwani wa Ighalamo, kata tunayopakana nayo. Mlikumbuke hilo jina, nitalirudia. Ni mtu mchangamfu. Anajua majina ya watoto wako wote na ugonjwa wa mama yako, anauliza kimoja kimoja. Mtu wa hivyo akikuuliza habari za nyumbani, jibu kwa kifupi.

Sasa, diwani kabla ya kikao analetewa kabrasha. Ni furushi la karatasi, ndani yake ndimo mna kila kitu kitakachozungumzwa. Langu la kwanza lilikuwa na uzito wa tofali mbili. Nilianza ukurasa wa kwanza, kidole chini ya mstari, kama nilivyofundishwa shule. Nilipofika ukurasa wa sita, baraza lilikuwa ajenda ya tisa. Jasho linanitoka ndani ya joho fupi. Mzee Nkungu akaniinamia.

"Mwanangu, unatafuta nini humo? Ajenda usiyoielewa, simama uafiki, ukae. Ukipinga utaulizwa sababu. Ukiafiki hakuna atakayekuuliza kitu."

Niliijaribu siku hiyohiyo. Nikasimama, nikasema naafiki Mheshimiwa Mwenyekiti, nikakaa. Meza zikagongwa. Sikuulizwa kitu. Tangu hapo nikawa mtu wa kuafiki. Nimeafiki mitaro, nimeafiki majosho ya ng'ombe, nimeafiki taarifa za kamati ambazo sikujua zinafanya kazi gani. Watu wa ofisini wakawa wananisifu kwamba Gunda ni mwepesi wa kuelewa.

Zahanati tuliianza kipindi changu cha pili. Wazo halikuwa langu, lilikuwa la Mama Zuhura. Jina lake halisi ni Mwanaidi Shabani, jirani yangu, mume wake tulikua pamoja. Mdogo wake alikuwa amejifungulia njiani, mtoto hakupona. Kwenye mkutano wa kijiji akasimama, hakulia, akasema tujenge. Basi. Akachaguliwa kiongozi wa kamati ya ujenzi kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyetaka kugombana naye.

Utaratibu wetu wa nguvu kazi ni huu. Kila kitongoji kina siku yake. Wanaume tofali na mawe, wanawake mchanga na maji ya kutoka lamboni. Asiyefika siku yake bila sababu anatozwa kuku. Kuku huyo haendi kwa mtendaji wala kwa diwani, anachinjwa palepale siku inayofuata, wanakula waliofika. Mama Zuhura alikuwa hana utani na hilo. Alimtoza shemeji yake mwenyewe. Alimtoza mchungaji, aliyesema alikuwa na maombi, akaambiwa alete kuku halafu aendelee na maombi. Alinitoza hata mimi, siku moja nilipokuwa kwenye kikao Singida Mjini. Nilimwambia nilikuwa kwenye kazi ya wananchi. Akaniuliza wananchi gani, maana yeye aliowahesabu walikuwa wote hapo. Nikatoa jogoo.

Tukapandisha boma, yaani kuta bila paa. Simenti ya watu ilitosha msingi na kona, kwingine tulijengea udongo. Huo ndio ujenzi wetu, nyumba zote za Kinyalago zimejengwa hivyo na zinasimama, ila zinasimama kwa sababu zina paa. Makubaliano na halmashauri yalikuwa wazi: wananchi wainue kuta, serikali ilete simenti ya lenta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta kwa juu, mbao na mabati. Baraza lilipitisha. Mimi niliafiki, na hiyo niliielewa.

Sasa nawaletea siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wa saba, na anayejua Singida mwezi wa saba anajua upepo ule na baridi ile. Kabrasha nilikuwa nalo nyumbani wiki nzima, sikulifungua, ninyi mnajua kwa nini. Tumeingia ukumbini asubuhi, tunakuta kwenye kila meza kumewekwa karatasi moja ya ziada. Niliishika. Ilikuwa na joto. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa sababu ya pikipiki, nikaibana ile karatasi kwa viganja viwili nikaota moto. Nakumbuka nilifurahi. Nilidhani imekaa juani.

Haikukaa juani. Ilikuwa imetoka kwenye mashine ya fotokopi muda huohuo.

Ilikuwa na mistari minne. Ilisema vifaa vya ukamilishaji wa mradi namba nne vihamishiwe mradi namba kumi na moja, kutokana na utayari. Majina ya vijiji hayakuwapo. Ukitaka kujua mradi namba nne ni wa nani, inabidi urudi kwenye kabrasha, nyuma kabisa, kwenye jedwali. Afisa mipango, Kasimu Mrisho, akaisoma kwa mwendo wa mtu anayewahi basi. Alipomaliza, Msengi hakuuliza nani ana maoni. Alinigeukia mimi. Kati ya madiwani wote waliokuwa mle ndani, alinigeukia mimi, akatabasamu.

"Mheshimiwa Gunda, wewe ni mzoefu. Tusaidie hapo."

Nikasimama, nikanyoosha joho langu, ambalo wakati huo nilikuwa nimeshashona la kunitosha.

"Naafiki, Mheshimiwa Mwenyekiti."

Meza zikagongwa. Mzee Nkungu aligonga kwa nguvu kuliko wote. Mchana tulipewa wali na soda, nikala vizuri, nikarudi nyumbani.

Mradi namba nne ni Kinyalago. Namba kumi na moja ni Ighalamo, kijiji alichozaliwa Msengi, ambako wakati huo hata msingi ulikuwa haujamalizika. Nasema tena ili mwelewe. Kwetu kuta zilikuwa zimesimama zinasubiri bati. Kwao bati lilienda kusubiri kuta. Ndio utayari wenyewe.

Mimi hilo sikulijua mpaka lori lilipokuja. Ilikuwa kabla ya mvua. Mtu wa Misigiri akapiga simu kwamba ameona lori limebeba mabati na mbao linaingia barabara yetu. Mama Zuhura akawatoa watu. Walifagia njia mpaka kwenye boma, wakaondoa mawe ili gari ligeuze vizuri. Wanawake wakajipanga. Lori likatokea, vigelegele vikapigwa, mimi nikasimama mbele nimenyoosha mkono kama askari wa barabarani. Dereva akatupungia. Sisi tukampungia. Akapita.

Tulidhani amepotea. Tukamtuma mwenye bodaboda mmoja amkimbilie akamwambie amepitiliza. Alirudi baada ya muda, akazima pikipiki, hakushuka. Akasema, kila mtu akisikia, kwamba dereva hajapotea, anakwenda Ighalamo, ana barua, na amemwambia kama kuna anayelalamika amuulize diwani wake, kwa sababu diwani wake ndiye aliyeafiki.

Watu wote wakanigeukia. Nilisema kuna makosa ya karatasi, nitakwenda kurekebisha, yetu itakuja awamu ya pili. Maneno awamu ya pili niliyajua kwenye vikao. Ni maneno mazuri, yanafaa kila mahali. Msiyatumie.

Kesho yake nilikwenda kwa Mrisho. Alinipa chai. Akafungua muhtasari wa kikao akanionyesha mstari, na jina langu likiwa limeandikwa vizuri bila kukosewa. Nikamuuliza mbona ile karatasi haikuwa kwenye kabrasha la mwanzo. Akasema yeye anatekeleza maelekezo. Nikamuuliza maelekezo ya nani. Akatazama ukuta wa upande wa ofisi ya Mwenyekiti, akatazama chai yangu, akasema, "Mheshimiwa, mimi niliisoma tu. Aliyeafiki ni wewe."

Nikaingia kwa Msengi. Aliniuliza mwanangu Neema anaendeleaje na shule. Nilipomweleza yaliyonileta hakukasirika, hajawahi kukasirika. Akaniambia, "Petro, ukuta unapenda kukaa kidogo ukauke. Mwakani ni zamu yenu."

Ukuta ukakauka, halafu ukalowa, ukakauka, ukalowa tena. Masika mawili.

Hapa ninalo la kwangu pia, na sitalificha maana mtalisikia kwa wengine. Fundi Daudi, aliyetujengea, alinifuata baada ya masika ya kwanza. Akasema udongo unalika kwa juu, hakuna lenta, hakuna paa, tufunike vichwa vya kuta kwa nyasi kama tunavyofunika maghala. Kazi ya siku mbili. Nikamwambia hapana. Nilisema tukiweka nyasi wakubwa wakipita wataona tumekata tamaa. Ukweli ni kwamba nyasi zingewafanya watu waulize bati liko wapi. Halafu nikafanya jingine. Kliniki ya watoto, ya muuguzi aliyekuwa anakuja na pikipiki mara moja kwa mwezi, ilikuwa inafanyikia nje ya ofisi ya kijiji. Nikasema ihamie ndani ya boma, ili jengo lionekane limeanza kutumika. Uchaguzi ulikuwa unakaribia. Mzani wa watoto tuliutundika kwenye mti tuliolaza juu ya dirisha. Hilo dirisha ndilo lililotangulia.

Mama Zuhura hakuwa mtu wa kudanganyika na awamu ya pili. Alinivumilia mpaka masika ya pili yalipoanza, halafu akaja nyumbani asubuhi, nikiwa napepeta alizeti uani. Akachukua ungo mwingine akaanza kunisaidia. Tulipepeta muda mrefu.

"Baba Neema, yule wa bodaboda nilimsikia kwa masikio yangu. Uliafiki?"

Nikasema ndiyo.

"Ulijua unaafiki nini?"

Nikasema sikusoma.

Akawa anatoa mawe kwenye alizeti yangu, moja moja, anayaweka pembeni. Nilidhani atanitukana, ingekuwa nafuu. Akasema basi, sema hivyohivyo mkutanoni, watu wajue, tujue tunamdai nani, twende kwa mkuu wa wilaya tukiwa wamoja. Nikamwambia nitasema, ila asubiri uchaguzi upite.

Akasimama, akajikung'uta makapi.

"Sisi hapa tunamtoza mtu kuku kwa kukosa siku moja. Wewe tukutoze nini?"

Kisha akacheka, nasi huwa tunacheka hata tukiwa na jambo, akaniachia ungo, akaenda. Hakumwambia mtu. Alinipa nafasi niseme mwenyewe. Sikusema. Ulipita mwezi, ikapita miwili, ikanyesha mvua moja ya kutosha, kesho yake ikawa siku ya kliniki.

Msibani kwake sikuchimba, nilikuwa hospitali nimetundikwa mguu. Ni msiba wa kwanza wa kata nilioukosa kwa vipindi viwili. Waliokwenda wameniambia. Msengi alifika, tena mapema, na gunia la mchele na sukari. Akasema marehemu alikuwa shujaa wa maendeleo na kwamba halmashauri itaipa zahanati jina lake. Hakusema zahanati ipi.

Halafu ikaundwa tume. Watu watatu walinikuta kitandani, wakaniuliza kama nilikuwa na kawaida ya kwenda kliniki. Sikujua swali hilo linakwenda wapi. Taarifa yao ilikuja baadaye, na mara hii nilisoma, kidole chini ya mstari, mpaka mwisho. Inasema ukuta ulianguka kutokana na upepo mkali. Imepokelewa na Mwenyekiti, Elia Msengi, na saini yake iko hapo. Mimi nilikuwepo. Siku ile mvua ilikuwa imekata tangu alfajiri, jua limetoka, na moshi wa jiko la uji wa watoto ulikuwa unapanda wima. Hapakuwa na upepo wa kuzima kiberiti. Bati halikutajwa hata mara moja.

Nikiwa naanza kutembea na gongo nilimtembelea Mzee Nkungu. Amestaafu, anafuga nyuki. Nilitaka kumwambia kwamba mbinu yake imeniua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nilisoma. Nikasema sikusoma. Akasema hata yeye hakuwahi kusoma. Halafu akasema, "Ila mimi sikuwahi kuwajengea watu ukuta." Akanipa chupa ya asali niondoke nayo. Sijaifungua.

Kwenye kura za maoni nilisimama na gongo nikaomba tena. Msinishangae, udiwani ndivyo ulivyo. Nilishindwa na kijana mwenye duka la dawa. Hajui kuchimba kaburi, lakini anasoma.

Basi mbinu zangu za kweli ni hizi, na hazihusu msiba wala mlenda. Kabrasha likifika nyumbani, hesabu kurasa, andika idadi juu kwa kalamu. Siku ya kikao hesabu tena. Ukikuta imeongezeka, tafuta iliyoongezeka, soma hiyo kabla ya zote. Anza nyuma, kwenye viambatisho na majedwali, maana mbele wanaweka salamu. Ukiona namba badala ya jina la kijiji, simama uombe jina lisomwe kwa sauti. Watachoka na wewe. Watasema hujasoma. Waambie ndiyo, mimi ni darasa la saba, nisomeeni taratibu. Mwenyekiti akikutabasamia wewe peke yako kati ya wote, usisimame. Na karatasi ukiishika ina joto, irudishe mezani, sema hii siijui, nipeni wiki nzima niisome, halafu ukae. Kukaa bila kuafiki kunawezekana. Nimekuja kujua nikiwa sina kiti.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye mkutano wa kijiji, nikaomba nafasi kwenye mengineyo. Nikasimama nikasema yote niliyoandika hapa, na la nyasi, na la kliniki. Zuhura, binti wa marehemu, alikuwa amekaa mbele. Nilipomaliza nikafungua kikapu nikatoa kuku, tetea mwekundu, nikamkabidhi mwenyekiti mpya wa kamati ya ujenzi. Alimpokea, akamfunga miguu, akaandika jina langu kwenye daftari la waliokosa siku zao. Kesho yake alichinjwa, wakala waliokuja kuokota tofali zilizobaki nzima. Mimi sikula. Tofali ni nyingi tu, zinaweza kujenga tena.

Kwa hiyo sasa nakuandikia wewe, Msengi, na wewe Mrisho, maana najua karatasi hii itawafikia, huku kwetu habari haihitaji bahasha. Sitaki rambirambi, na jina la zahanati kaeni nalo. Njooni Kinyalago siku ya mkutano. Njooni na ile karatasi ya mistari minne. Mrisho aisome tena, pale tofali zilipo, kwa sauti, taratibu safari hii, na atwambie asubuhi ile nani alimwambia aichape. Kisha wewe, Msengi, usimame mbele ya Zuhura umweleze kwa nini ulinigeukia mimi, na upepo ule mkali ulioutia saini ulivuma kutoka wapi. Nitakuwa nimesimama pembeni yako na gongo langu, sitakukatisha.

Daftari lina nafasi. Kuku wangu ameshaliwa. Wenu tunawasubiri.